Mto Kongo na Hisabati ya Njia Zake

Mtu atazamaye ramani ya Mto Kongo, akiuona ulivyotanda pamoja na matawi yake, aghalabu hudhani kwamba palipo na maji pana njia, na ya kwamba mji ulio mkubwa kwa watu na majengo ndio ulio mkubwa kwa usafiri pia. Nazo dhana hizo mbili hazisimami mbele ya ilimu iitwayo uchanganuzi wa mitandao.

Asili yake ni mwaka 1736, pale mwanahisabati Leonhard Euler alipotatua mas'ala ya madaraja 7 ya mji wa Königsberg, akathibitisha kwamba haiwezekani kuyavuka yote kwa matembezi mamoja bila ya kurudia hata moja. Hakujali upana wa mto wala urefu wa barabara, bali alishika jambo moja tu: kipi kimeungana na kipi. Mwaka 1965 mwanajiografia Forrest Pitts aliitumia njia hiyo kuchunguza mito ya biashara ya Urusi ya kale, apate kujua kama Moscow ilikua kwa sababu ya mahali ilipokaa katika njia hizo za maji.

Basi natutwae vituo vitano vya Kongo: Kinshasa, Kwamouth, Ilebo, Mbandaka na Kisangani. Kwamouth ni mji mdogo, wala haulingani na Kinshasa yenye mamilioni ya watu. Lakini hapo ndipo Mto Kasai, upitao Ilebo, unapoingia katika Mto Kongo. Tukihesabu safari ziwezekanazo baina ya vituo vinne vingine, tutapata jozi 6, na katika hizo 5 hazina budi kupita Kwamouth. Mbandaka, kwa hesabu iyo hiyo, hupitiwa na 3. Kinshasa haipitiwi hata na moja, kwa kuwa hapo iko mwishoni mwa njia.

Hesabu hiyo yafichua udhaifu wa mito. Matawi ya mto hukutana, wala hayafanyi duara. Ndiyo sababu vituo 5 vina viungo 4 tu, na kiungo kimoja kikikatika, ama kwa mchanga kujaa ama kwa maji kupwa wakati wa kiangazi, hapana njia ya pili, na shehena iliyomo katika matishari hungoja mpaka ikaharibika. Kwa hiyo mchunguzi mwangalifu hukipa kila kiungo uzito wake: kina cha maji kwa msimu, siku za safari, na taabu ya kupakua na kupakia upya.

Taabu hiyo ni dhahiri Kisangani, ambako maporomoko ya Boyoma, saba kwa idadi, huzuia meli kabisa, hata ikajengwa reli ya kilomita 125 hivi mpaka Ubundu, iliyofunguliwa mwaka 1906. Mzigo utokao Kinshasa hushushwa Kisangani, ukapakiwa katika gari la moshi, ukashushwa tena Ubundu na kutiwa chomboni hadi Kindu, kisha ukashika reli nyingine ipitayo Kabalo mpaka Kalemie, ng'ambo ya Kigoma katika Ziwa Tanganyika.

Lakini tukichora maji na reli pamoja, twaona jambo lisiloonekana kwa kutazama mto peke yake. Kabalo imeungana kwa reli na Kamina, na Kamina na Ilebo. Hivyo toka Kwamouth kwenda Kisangani, Ubundu, Kindu, Kabalo, Kamina na Ilebo, hata kurudi Kwamouth, duara imetimia, na kila mji uliomo una njia mbili za kuufikia mwingine. Treni ya Ubundu isipopita, duara hukatika, na Kisangani hubaki mwisho wa njia.

Ndiyo maana yafaa fedha ya kuchimba mikondo, kuweka maboya na kutengeneza reli igawanywe kwa kutazama ni safari ngapi zategemea kila kiungo, wala si kwa ukubwa wa mji ulio karibu nacho. Kilomita 125 za reli ya Ubundu ni chache mbele ya kilomita 1,700 na ushei za maji baina ya Kinshasa na Kisangani. Hata hivyo mkulima wa mpunga wa Maniema, upande wa Kindu, atakaye mchele wake ufike soko la Kisangani, hana kilomita zilizo na thamani kuliko hizo 125.