Kivuli cha Luanda Magere ndani ya kompyuta

Ni mtoto gani aliyelelewa kando ya Ziwa Victoria asiyemjua Luanda Magere? Shujaa huyo wa ukoo wa Sidho, katika tambarare za Kano mashariki ya Kisumu, husimuliwa kuwa alikuwa na mwili wa jiwe. Mikuki ilimgonga ikadunda, mishale ikakatika. Maadui zake wa Lang'o walipochoka kushindwa, walimpa binti yao mrembo amwoe. Siku moja mume akaugua, akamwambia mkewe amchanje, si mwilini bali kivulini. Mke alipokata kile kivuli, damu ikatoka! Akatorokea kwao na siri hiyo, na katika vita vilivyofuata mkuki mmoja tu uliochomwa kivulini ulitosha kumwangusha shujaa.

Sasa hebu tuulize swali la siku hizi. Kijana wa Kondele, Nyalenda au Milimani akitaka kumuumba Luanda Magere ndani ya kompyuta, amzungushe na kumtazama pande zote kama kinyago mkononi, kivuli chake atakitoa wapi? Maana hadithi hii bila kivuli si hadithi tena. Ni habari za jiwe tu.

Swali hilo si la mzaha. Sanaa ya kuumba wahusika wa pande tatu kwa kompyuta imewavutia vijana wengi, wakiifanya kwa kujifurahisha baada ya masomo. Kwa miaka mingi kizuizi chao kikubwa hakikuwa kukosa kipaji. Kilikuwa kungoja. Picha moja ingeweza kuchukua saa nzima kukamilika katika mashine ya kawaida. Siku hizi ipo njia ya mkato, ambayo hutoa picha papo hapo. Tumeijaribu kwa niaba yako, msomaji, tuone inatoa nini na inanyima nini.

WAVU, MIFUPA NA NGOZI

Anayetaka kuielewa kazi hii na ateremke ufuo wa Dunga awatazame wavuvi wakitengeneza nyavu zao. Mhusika wa kompyuta naye huanza kama wavu, wenye maelfu ya matundu madogo ya pembe tatu au nne yaliyounganishwa kwa mafundo. Msanii huvuta fundo hili, akasukuma lile, hata pua ikatokeza na mabega yakapanuka. Kisha huingiza mifupa ndani ya wavu ili mhusika aweze kukunja goti na kuinua mkuki. Juu yake humvika ngozi yenye rangi, mng'ao na mikwaruzo. Mwisho huweka taa na kamera.

Hapo ndipo kompyuta huambiwa: haya, toa picha. Sehemu ya programu inayofanya kazi hiyo ya mwisho, ya kukadiria jinsi mwanga unavyoangukia kila kitu, ndiyo wenye ujuzi wao huiita rendara.

Programu tuliyoitumia inaitwa Blender. Muasisi wake ni Ton Roosendaal wa Uholanzi. Mwaka wa 2002, baada ya kampuni iliyoimiliki kufunga milango, watumiaji wake walichanga yuro 100,000 ili ikombolewe na kuachiwa umma. Tangu Oktoba mwaka huo ni ya bure kwa yeyote, na ni halali kabisa. Mzazi hana haja ya kununua leseni, wala mwanafunzi hana sababu ya kutafuta nakala ya wizi.

KOBE NA SUNGURA

Ndani ya Blender mna rendara kuu mbili. Ya kwanza, Cycles, iliingizwa mwaka wa 2011. Hii ni kobe. Hutuma miali kutoka kwenye kamera, na kila mwali ukigonga kitu huruka kwenda kwingine, na kwingine tena, ukitafuta chanzo cha mwanga. Kazi hiyo hurudiwa makumi au mamia ya mara kwa kila nukta ya picha. Ukiikatiza mapema, picha hujaa chembechembe kama iliyomwagiwa mchanga. Ukiiacha imalize, mwanga wake hukaribia sana ule wa ulimwengu wetu.

Ya pili ni Eevee, iliyokuja na toleo la 2.80 mwezi wa Julai 2019. Huyu ndiye sungura. Eevee imeazima hila za michezo ya video, ambayo hulazimika kutoa picha 30 au 60 kila sekunde bila kumngojesha mchezaji. Haihangaiki kuufuata mwanga kila unaporuka. Huulaza wavu juu ya skrini na kuiuliza kila nukta: chini ya taa hii, rangi yako ni ipi?

Na kivuli je? Hapa pana ujanja wa kupendeza. Kompyuta hujifanya imesimama pale ilipo taa, ikatazama mandhari, ikaandika mwanga unafika umbali gani kabla ya kuzuiwa. Chochote kilicho nyuma ya hapo huhesabiwa kimo kivulini. Ni kama mlinzi juu ya mnara, ambaye asichokiona yeye, tochi yake haikimuliki.

Wahenga walituachia methali mbili zisizopatana: Haraka haraka haina baraka, na Chelewa chelewa utampata mwana si wako. Rendara hizi mbili ndizo methali hizo zikiishi nyumba moja.

MAJARIBIO YENYEWE

Tuliumba mwanamume mmoja mwenye mkuki, amesimama kwenye uwanda mtupu. Tulimpa ngozi ya binadamu, kwa kuwa shujaa wetu alipokuwa hai alionekana mtu kama watu wengine. Kando yake tuliweka jiwe, ambalo hadithi inasema ndilo aliloligeuka alipokufa. Kwa sura ya jiwe hilo tulifuata miamba mikwaruzo ya Kit Mikayi, kule Seme, magharibi ya Kisumu.

Jambo la kwanza linalomshangaza mtu ni wepesi. Ukishika jua ukalisogeza, kivuli husogea nalo. Ukibadili rangi ya ngozi, unaiona hapo hapo. Katika Cycles kila badiliko huifanya picha ianze upya na chembechembe zake. Kwa anayejifunza, tofauti hii ni kubwa. Mtoto aliyechora kidole kifupi akaonyeshwa mara moja, hurekebisha mara moja. Anayengoja dakika ishirini ili aone kosa lake, siku itaisha amejifunza mambo matatu tu.

Tulipata pia somo la jiografia. Kisumu iko karibu sana na ikweta, na saa sita mchana kivuli hujikunja chini ya miguu. Adui gani angekilenga hapo? Ilibidi tuliteremshe jua hadi mahali pa saa kumi na moja jioni, ndipo kivuli kikalala kirefu uwanjani, kichwa na mabega yakionekana wazi. Na kwa vile udongo wa Kano ni mweusi, kivuli kilimezwa na ardhi mpaka tulipotandaza vumbi la kiangazi. Haya yote tuliyapata kwa muda mfupi tu, kwa kusogeza na kutazama. Kwa mwendo wa kobe yangetugharimu siku nzima.

Kasoro nazo zilijitokeza. Ya kwanza ni ukingo wa kivuli. Kompyuta inapobana matumizi ya kumbukumbu yake, ukingo huwa na meno kama msumeno. Ya pili ni nyayo. Mahali mguu unapogusa ardhi panahitaji kivuli chembamba sana, na kikikosekana shujaa huonekana akielea kama puto. Zote mbili hupungua ukiongeza ubora wa vivuli, lakini nawe utalipa kwa kasi.

Ya tatu ilitokea tulipomhamishia shujaa kando ya ziwa. Eevee huchora taswira za majini kwa kutumia yale tu yaliyomo ndani ya picha. Mtumbwi uliokatwa na ukingo wa picha ulikatika pia majini, ingawa macho yanajua kwamba sehemu iliyobaki ipo. Toleo la 4.2 la Julai 2024 lilikuja na Eevee iliyoandikwa upya, yenye vivuli bora na taswira safi zaidi, lakini nalo bado hutegemea sana kile ambacho kamera inakiona.

Jambo la nne si kasoro ya programu, ila linatuhusu sana. Masomo mengi ya kuweka taa hutumia mfano wa uso mweupe. Ngozi nyeusi hudhihirisha umbo lake zaidi kwa mng'ao kuliko kwa kivuli. Anayeongeza nguvu ya taa bila kufikiri humfanya mtu wake awe na rangi ya majivu. Dawa ni kuweka taa pana ubavuni, pana kama anga ya ziwa asubuhi, na kuipunguzia ngozi ukavu kidogo ili mwanga uteleze juu ya shavu na bega. Kwa Eevee, kijana anaweza kujaribu taa kumi katika muda wa kunywa kikombe cha chai, hata aipate ile inayomtendea haki mtu wake.

HESABU YA SAA NA STIMA

Tuseme kijana anataka filamu ya sekunde 10. Kwa kawaida ya sinema ya picha 24 kila sekunde, atahitaji picha 240. Ikiwa rendara ya polepole inachukua dakika 10 kwa picha moja, hizo ni dakika 2,400, yaani saa 40. Ikiwa ya haraka inachukua sekunde 5 kwa picha, kazi yote itakwisha kwa dakika 20. Saa 40 ni stima ya kulipiwa, ni mashine ya nyumba nzima iliyofungiwa kazi moja, na kwa anayetegemea saiba ni ndoto tu. Dakika 20 zinawezekana hata kwa mwanafunzi mwenye senti za kuhesabu.

Hata hivyo stima hupotea bila kuaga. Basi usiiagize kompyuta itoe video nzima kwa mkupuo mmoja. Iagize itoe picha moja moja zenye namba, kisha uziunganishe mwishoni. Stima ikikatika kwenye picha ya 130, utaendelea na ya 131.

WALIOTANGULIA

Asiyeamini kwamba njia ya haraka inaweza kuzaa kazi ya heshima na aitazame filamu ya Flow ya mwaka wa 2024, iliyoongozwa na Gints Zilbalodis wa Latvia. Inamhusu paka anayejaribu kuokoka katika mafuriko makubwa, jambo ambalo watu wa Nyando hawahitaji kuelezwa. Iliundwa kwa Blender, na picha zake zikatolewa kwa Eevee. Machi 2025 ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ya vibonzo, ikiwashinda vigogo wa Marekani kama Inside Out 2 na The Wild Robot.

Hapa nchini, Andrew Kaggia alitoa filamu fupi ya Wageuzi mwaka wa 2011, iliyowageuza wanasiasa wetu kuwa magari ya mashindano, na mwaka wa 2015 akatoa mchezo wa Nairobi X. Jijini Kampala, Raymond Malinga aliongoza Herderboy, mojawapo ya filamu fupi za mkusanyiko wa Kizazi Moto wa mwaka wa 2023. Vipaji tunavyo.

NENO KWA WAZAZI NA WANAFUNZI

Mzazi akimkuta mwanawe anazungusha kichwa cha mtu kwenye skrini asidhani ni mchezo mtupu. Ndani yake mna jiometri, fizikia ya mwanga na anatomia. Mwaka wa 2017 wasichana watano wa Kisumu Girls walifika California kwa programu ya simu waliyoibuni kupambana na ukeketaji. Nao walianza kwa kuketi mbele ya kompyuta na kujaribu.

Kabla ya kutoa pesa, ichunguzeni mashine. Blender kuanzia toleo la 4.0 hutaka kadi ya michoro inayofahamu OpenGL 4.3, na laptopu kuukuu zinaweza kuikataa. Mwenye mashine kama hiyo ajaribu matoleo ya zamani, mathalan 3.6, ambayo bado yanapatikana bure. Kumbukumbu ya gigabaiti 8 ni mwanzo unaofaa.

Ushauri wetu juu ya kobe na sungura ni huu. Jifunze kwa sungura. Panga taa, mkao na kamera kwa Eevee, ukosee na kurekebisha mara mia kwa siku. Filamu yako nayo itoe kwa Eevee. Lakini ukiipata ile picha moja unayotaka kuitundika ukutani, au kuipeleka kwenye maonyesho, iachie Cycles usiku mmoja imalizie kivuli kwa utaratibu wake. Kuhama kutoka moja hadi nyingine ni kubadili chaguo moja tu, ingawa taa zitahitaji kurekebishwa kidogo.

Mhakiki wa kazi yako usimtafute mbali. Wazee wanaoijua hadithi ya Luanda Magere kwa ukamilifu wake wanapungua kila mwaka. Mpelekee nyanya yako picha hiyo ungali unaweza, umkalie karibu, usimwambie ni nani. Akimtambua shujaa kabla hujamtaja, na macho yake yakateremka moja kwa moja hadi pale chini kivuli kilipolala, basi kazi yako imefaulu.