Yasome Maji ya Mbita Kabla ya Kupanda Boti

Wageni wanaofika Mbita, katika kaunti ya Homa Bay, siku hizi hawaji kununua samaki tu. Wanakodi boti kwenda kisiwa cha Takawiri kuogelea, kwenda kisiwa cha Mfangano kuona michoro ya kale ya miambani, au kuzunguka Kisiwa cha Rusinga jua likizama. Ni jambo la kufurahisha, maana Ziwa Victoria linastahili kutembelewa. Lakini karibu kila mtu huanza kwa kuuliza nauli, na wachache mno huuliza maji ya leo yakoje.

Mbita imekaa mlangoni. Mashariki yake kuna Ghuba ya Winam, inayoingia bara hadi Kisumu, na kina chake kwa wastani ni mita chache tu. Magharibi ni Ziwa Victoria lenyewe, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800. Maji ya ghuba na ya ziwa hubadilishana kupitia njia mbili: mlango mpana wa kaskazini, ambako feri ya Mbita na Luanda K'Otieno huvuka, na mlango mwembamba ulio kati ya mji na Rusinga. Huo mwembamba ulizibwa miaka ya 1980 kwa tuta la mawe na udongo ili magari yafike kisiwani. Magari yakapita, maji yakakwama. Gugu maji lilipovamia ghuba miaka ya 1990, maji yaliyotuama ndiyo yaliyolifaa zaidi. Tuta liliondolewa, daraja likajengwa, na mwaka 2017 mkondo ukarudi. Kwa maoni yangu, hakuna ujenzi ulioyafaa maji ya Mbita kuliko daraja lile.

Hata hivyo, mkondo hauwezi kuosha kila kitu. Mito ya Nyando na Sondu-Miriu huingiza udongo na mbolea ya mashambani, na miji ya kando ya ghuba huongeza majitaka. Naitrojeni na fosforasi zilizomo ndizo chakula cha bakteria wa kijani-buluu, wale ambao wengi tunawaita mwani. Mmoja wao, Microcystis, ana vipovu vya gesi ndani ya seli zake, kwa hiyo maji yakitulia huelea hadi juu. Ndiyo maana asubuhi tulivu unaweza kukuta utando wa kijani unaofanana na rangi ya ukuta iliyomwagika. Baadaye upepo huusukuma na kuurundika kwenye vighuba, na huko ndiko watoto huogelea.

Kuna kipimo ambacho yeyote anaweza kukifanya. Chukua chupa isiyo na rangi, vaa glavu, teka maji hadi karibu na shingo, funga, kisha iache kivulini bila kuitikisa kwa saa moja au zaidi. Udongo utatua chini. Bakteria hawa watapanda juu na kufanya pete ya kijani shingoni mwa chupa. Chupa haipimi sumu. Inakuonyesha tu kwamba wanaoweza kuitengeneza wapo. Ukiiona pete hiyo, usiogelee hapo, na usiyachemshe maji hayo ukidhani yatafaa kunywa. Moto huwaua bakteria lakini hauiondoi microsistini, sumu inayodhuru ini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita kwa maji ya kunywa siku zote, na 24 kwa maji ya kuogelea na kuchezea.

Lakini kwa boti asubuhi ni njema, hata pale isipokuwa njema kwa mwogeleaji. Kadiri jua linavyopanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko ziwa, na upepo huanza kuvuma kutoka ziwani kuingia ghubani. Alasiri, kwenye ule mlango mpana wa kaskazini, mawimbi huwa mafupi na yaliyokaribiana, ya aina inayoingiza maji ndani ya boti ndogo iliyojaa watu. Jioni huenda radi zikafuata. Kwa hiyo ondoka mapema, rudi kabla ya alasiri. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa Ziwa Victoria kwa ajili ya wavuvi. Muulize nahodha au viongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia ufuo, utabiri huo unasemaje. Jaketi la kuokoa maisha livaliwe na kufungwa kabla injini haijawashwa. Likiwa limekaliwa kama mto, halimwokoi mtu.

Ukingo nao una hatari zake. Mwaka 2020 ziwa lilipanda kupita rekodi ya 1964, likameza fuo, miti na vyoo vya kando. Visiki vilivyofunikwa hutoboa boti, na vyoo vilivyozama vinaendelea kuyachafua maji yale yale ya ukingoni.

Hapo ukingoni ndipo penye hatari ambayo wageni huisahau kabisa: kichocho. Konokono wanaobeba vimelea vya ugonjwa huu hukaa kwenye majani ya maji yaliyokingwa na mawimbi, na vijidudu vyake hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia asubuhi ya saa nne hivi hadi adhuhuri. Hupenya ngozi kwa dakika chache. Kwa hiyo anayepanda boti kwenye gati bila kulowa miguu yuko salama kuliko anayeifuata boti majini kati ya matete. Ukishalowa, nenda kapime baada ya wiki sita hadi nane hata kama huumwi. Dawa yake, prazikwanteli, inatibu vizuri.

Homa Bay inataka watalii wa ziwani, na ina haki ya kuwataka. Naiomba kaunti iweke ubao kwenye gati la Mbita na kwenye fuo za Rusinga, uandikwe kila wiki kwa Kiswahili na Dholuo: maji yamepimwa lini, yamekutwa na nini, na ni wapi pa kutoogelea. Wataalamu wa kupima wapo Mbita kwenyewe na Kisumu. Wewe msomaji, ukikodi boti, uliza matokeo hayo kabla hujauliza nauli.