Mnada wa farasi wa Andalusia: Uzuri hununuliwa, baraka hainunuliwi

Sifa zote njema anazistahiki Allah (SW), Aliyewaumba farasi wakawa kipando na pambo kwa wanaadamu, kama tunavyofunzwa katika aya ya 8 ya Suratun-Nahl. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, Masahaba wake na wote waliowafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo, mpenzi msomaji, katika mji mdogo wa Alter do Chão, jimbo la Alentejo nchini Ureno, lipo shamba la kuzalisha farasi lililoanzishwa mwaka 1748 katika utawala wa Mfalme João wa Tano. Majike wa mwanzo waliletwa kutoka Andalusia, kusini mwa Hispania. Shamba hilo liko mikononi mwa dola, na kwa desturi yake, mwezi wa Aprili, baadhi ya farasi wake hupigwa mnada hadharani.

Farasi huletwa uwanjani mmoja mmoja. Wengi wao ni wa rangi ya kahawia, singa na mkia vikiwa vyeusi. Shingo zao ni nene na zimepinda kama upinde, na wanapotembea huinua miguu ya mbele kwa madaha. Wamepigwa chapa ya herufi A na R, na juu yake taji. Farasi wa aina hiyo ndio wanaotumiwa na skuli ya sanaa ya kupanda farasi iliyopo Lisbon. Mnadi hutaja bei ya kuanzia kwa yuro, mikono huinuka, bei hupanda, mpaka akosekane wa kuongeza. Mtu aliyekwenda kutazama tu huweza kujikuta naye ameinua mkono.

Kuvutiwa huko peke yake si dhambi. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa kheri imefungamana na nywele za mapaji ya farasi mpaka Siku ya Kiyama, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Hata hivyo, aya ya 14 ya Suratu Aal Imran imewataja farasi wenye alama miongoni mwa mambo ambayo watu wamepambiwa kuyapenda, pamoja na wanawake, watoto, mirundi ya dhahabu na fedha, mifugo na mashamba. Kisha ikakumbusha kuwa hayo ni starehe ya maisha ya dunia. Baina ya kuvutiwa na kununua pana hatua chache tu, na katika hatua hizo ndimo dini ya mtu hupimwa.

NENO MOJA, PWANI MBILI

Huenda msomaji akauliza: Ureno na Hispania zatuhusu nini? Jibu limo katika neno lenyewe tunalolitumia. Sisi husema "mnada", kutokana na Kiarabu munada, yaani kunadi kwa sauti. Wahispania nao wanalo neno la kale la mnada, "almoneda", nalo limetoka katika asili hiyo hiyo. Chombo chetu cha baharini huitwa "jahazi", na mapambo ya farasi kwa Kihispania huitwa "jaez". Yote mawili yametokana na jahaz, yaani kilichotayarishwa na kukamilishwa vifaa. Upepo ule ule wa lugha uliovuma Zanzibar na Lamu ulivuma pia Cordoba na Seville.

Waislamu waliingia katika rasi hiyo mwaka 711 chini ya Tariq bin Ziyad, na utawala wao wa mwisho, wa Granada, ulianguka mwaka 1492. Karibu miaka mia nane walilima, walijenga, walisoma na walifuga farasi huko. Mpanda farasi kwa Kihispania huitwa "jinete", neno lililotokana na Zanata, kabila la Waberberi mashuhuri kwa kupanda farasi.

NASABA BILA CHUMVI

Hapa ndugu zangu tusimame kidogo. Wapo miongoni mwetu wanaopenda kusema kuwa farasi wa Andalusia ni farasi wa Kiarabu tu, na kwamba ni Waislamu waliompa Mhispania kila alichonacho. Maneno hayo yanapendeza masikio, lakini hayana ukweli kamili. Farasi wazuri walikuwapo katika rasi ile kabla ya mwaka 711, na Warumi waliwasifu. Waliokuja na jeshi la Tariq wengi walikuwa Waberberi, na farasi wa kwao, wa Afrika Kaskazini, si Mwarabu bali ni kizazi kingine. Baadaye, waliotunza kizazi mashuhuri cha Jerez kwa muda mrefu walikuwa watawa wa Kikristo wa monasteri ya mji huo. Na huko Alter, katika karne ya 19, walipoingiza damu ya farasi wa Kiarabu kwa wingi, farasi wao waliharibika umbo lao la asili, hata ikabidi warudishe damu ya Andalusia.

Ninayataja haya kwa makusudi. Mfanyabiashara anayemsifu farasi kwa nasaba asiyokuwa nayo amedanganya, na anayeisifu historia ya Uislamu kwa jambo lisilokuwamo amefanya mfano wa hilo hilo. Sehemu yetu katika Andalusia ni kubwa ya kutosha. Haihitaji kutiwa chumvi.

MNADA KATIKA SHERIA

Mnada ni halali kwa rai ya wanazuoni walio wengi. Anas bin Malik (RA) amesimulia kuwa mtu mmoja katika Ansari alifika kwa Mtume (SAW) akiomba. Aliulizwa nyumbani kwake kuna nini, naye hakuwa na kitu ila tandiko walilojifunika nusu na kulitandika nusu, na bakuli la kunywea maji. Mtume (SAW) alivishika vitu hivyo kwa mkono wake na kuwauliza watu nani atanunua. Mmoja alitoa dirhamu moja. Akauliza nani ataongeza, mara mbili au tatu, mwingine akatoa mbili, naye akapewa. Dirhamu moja ilinunua chakula cha watoto wa yule mtu, na ya pili ilinunua shoka, akatumwa kukata kuni na kuuza. Baada ya siku 15 alirejea akiwa na dirhamu kumi. Hadithi hii imepokewa na Abu Daud na wengineo. Tazama, msomaji, mnada ule uliwatoa watu wa nyumba moja katika kuombaomba.

Lakini Mtume (SAW) huyo huyo amekataza najash, nayo ni mtu kuongeza bei bila ya nia ya kununua, ili mwingine aghilibike. Katika mnada wa farasi, ama wa kitu chochote, najash huweza kufanywa na rafiki wa muuzaji aliyepandikizwa katikati ya watu. Huinua mkono, na mgeni aliyependa farasi kwa dhati huogopa kumkosa, akaongeza tena na tena. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya hukumu ya mauzo hayo, je yanasihi au mnunuzi ana hiari ya kuyavunja. Lakini hawakuhitilafiana kuwa kitendo chenyewe ni dhambi.

Jambo la pili ni kubainisha aibu ya bidhaa. Wajuzi wa farasi hutazama meno ili kukadiria umri, hupapasa miguu, huchunguza kwato na kumwangalia mnyama akitembea na akikimbia. Siku hizi daktari wa mifugo huweza kumpiga picha za eksirei kuona mifupa. Pamoja na hayo yote, muuzaji hubaki ndiye ajuaye zaidi. Anajua kama farasi alichechemea wiki iliyopita na akapewa dawa ya kutuliza maumivu. Mtume (SAW) ameeleza kuwa muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, mauzo yao hutiwa baraka, na wakificha na kusema uongo, baraka hiyo hufutwa. Baraka haimo katika orodha ya mnadi, wala hakuna yuro inayoweza kuinunua.

MNUNUZI ALIYEJIPANDISHIA BEI

Miongoni mwa visa vya kununua farasi katika zama za Masahaba, kimoja kinapaswa kusimuliwa katika kila nyumba. Jarir bin Abdillah al-Bajali (RA) alimtuma mtumishi wake amnunulie farasi. Mtumishi alikubaliana na mwenyewe dirhamu 300, akamleta ili alipwe. Jarir alipomtazama farasi, alimwambia muuzaji kuwa mnyama wake ana thamani zaidi ya hiyo, je, atamuuza kwa 400? Yule bwana akaridhia. Jarir akamtazama tena, akasema anafikia 500. Akaendelea kujiongezea mia kwa mia mpaka akamnunua kwa dirhamu 800. Alipoulizwa sababu, alieleza kuwa alimpa Mtume (SAW) ahadi ya kumtakia mema kila Muislamu. Kisa hiki amekipokea at-Tabarani, na habari ya ahadi yenyewe imo katika Bukhari na Muslim.

Tulipinge jambo hili na desturi zetu. Sisi tukikuta mjane anauza gari la marehemu mumewe naye hajui bei ya soko, wangapi wetu watamwambia thamani yake ya kweli? Wangapi watanyamaza, walipe upesi, kisha wakasimulie barazani jinsi walivyobahatika? Jarir alikuwa mnunuzi peke yake, hapakuwa na wa kushindana naye, na muuzaji alikwisha kuridhika. Aliyempandishia bei ni imani yake.

FARASI WA NANI?

Mtume (SAW) aliwagawa farasi mafungu matatu: kwa mtu mmoja ni thawabu, kwa mwingine ni sitara, na kwa wa tatu ni mzigo wa dhambi. Wa kwanza humfuga kwa ajili ya Allah. Wa pili humfuga ajitosheleze asiombe, wala hasahau haki ya Allah. Na wa tatu humfuga kwa fahari na kujionesha. Mnyama ni yule yule, na pengine bei ni ile ile. Kinachotofautiana ni nia ya mkono ulioinuka mnadani. Na anayenunua farasi kwa biashara, ili amuuze tena, akumbuke zaka ya mali ya biashara inapotimia nisabu na mwaka.

Mwezi wa Oktoba 2024 Waislamu wa Hispania waliondoka Almonaster la Real, mji wa Andalusia wenye msikiti wa karne ya 10, wakiwa juu ya farasi wa Kiarabu, wakielekea Hija kama walivyofanya watu wa Andalusia wa zamani. Mmoja wao alikuwa ameweka ahadi hiyo kwa Mola wake miongo kadhaa nyuma, alipokuwa kijana akijiandaa kwa mtihani, na mtihani huohuo ukawa sababu ya kusilimu kwake. Walivuka nchi nyingi za Ulaya, Uturuki, Syria na Jordan, na Mei 2025 waliwasili Saudi Arabia. Farasi wa aina hiyo thamani yake haijulikani mnadani.

Ndugu Waislamu, si wengi wetu tutakaosimama Alter do Chão kununua farasi. Lakini mnada tunao: wa ng'ombe, wa viwanja, wa magari, wa vyombo vya nyumba. Basi kila mmoja wetu, kabla ya kuinua mkono, ajiulize maswali matatu. Je, nanunua kwa haja au kwa kuonwa? Je, naongeza bei kwa nia ya kweli? Na ninapouza mimi, je, nimeieleza aibu niijuayo peke yangu? Tuwafundishe na watoto wetu maswali hayo mapema, wakiwa bado wanauziana gololi.

Tunamuomba Allah (SW) atujaalie tupende vizuri vya halali bila kutawaliwa navyo, atutie baraka katika kuuza na kununua kwetu, na atulinde na chumo la hadaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.