Kivukizi Katika Pampu ya Joto ya Kukaushia Mbegu

Mbegu ya mahindi iliyovunwa mbichi hukabiliwa na hatari mbili: ikicheleweshwa huota ukungu, na ikikaushwa kwa joto kali kiini chake hufa. Kwa hiyo hushauriwa hewa ya kukaushia isizidi nyuzi 40 hivi za Sentigredi. Lakini wakati wa masika hewa yenyewe imejaa maji, na kuipasha kidogo hakutoshi. Pampu ya joto huikamua kwanza.

Mtambo huu ni ndugu wa jokofu. Ndani ya mabomba ya kivukizi, kiowevu maalumu huchemka kwenye baridi na kunyonya joto la hewa ipitayo nje. Mvuke ulio hewani hugeuka matone na kuchirizika. Kisha hewa hiyohiyo hurudishiwa joto lake kwenye kondensa, na kurejea kwenye mbegu.

Tuchukue mfano. Hewa ya nyuzi 40 yenye unyevu wa asilimia 60 hubeba takriban gramu 28.4 za maji kwa kila kilo ya hewa kavu. Ikipozwa hadi nyuzi 15 husaliwa na gramu 10.6. Hapo kivukizi kimenyonya kilojuli 70 hivi, na 44 kati yake ndizo zilizokamua maji. Nyingine zimeipoza hewa tu. Sasa tuseme mbegu zinakaribia kukauka, na hewa inarudi na unyevu wa asilimia 20. Umande wake huanza karibu na nyuzi 13. Ikipozwa hadi nyuzi 15 haitoi hata tone moja, ilhali umeme unaendelea kuliwa! Dawa yake ni kupitisha sehemu tu ya hewa kwenye kivukizi, ipate kupoa zaidi, na nyingine kuzungushwa kando.

Ni sehemu gani? Hapo ndipo hesabu huhitajika. Kivukizi hugawanywa, katika kompyuta, vipande vidogo, na kwa kila kipande huulizwa kama uso wake ni baridi kuliko kiwango cha umande. Ukiwa hivyo, uso huwa majimaji, na hesabu ya joto sharti iandamane na ile ya mvuke. Feni nayo ina yake: ikienda kasi mno, hewa nyingi hupenya bila kugusa chuma, ikienda polepole mno, barafu huweza kuganda.

Majaribio ni ya kawaida kuliko msomaji adhaniavyo. Mbele na nyuma ya kivukizi huwekwa vipimajoto viwili viwili, kimoja kikavu na kingine chenye utambi uliolowa. Joto lililopotezwa na hewa hulinganishwa na lililonyonywa na kiowevu. Yasipolingana, hutafutwa kwanza tundu linalovujisha hewa, kabla ya kuilaumu hesabu. Maji yaliyochirizika hukingwa kwa ndoo na kupimwa kwa mizani, na kwa maoni yetu hakuna chombo cha bei ghali kinachoishinda ndoo hiyo.