Spea ya breki hununuliwa kwa kipimo, si kwa jina la gari

DATSUN 240Z, gari la spoti la milango miwili lililoshinda mashindano ya Safari mwaka 1971 na 1973, liliacha kutengenezwa mwaka huo wa 1973. Lilipoanza kuuzwa Marekani, bei yake ilikuwa dola 3,526. Januari 2020, moja lililotunzwa vizuri liliuzwa huko kwa mnada wa mtandaoni kwa dola 310,000.

Bei hiyo si ya kila 240Z, lakini inaeleza kwa nini bado kuna soko la spea za gari lenye umri wa zaidi ya nusu karne. Afrika Mashariki nako magari hayo yameonekana tena barabarani katika mashindano ya magari ya zamani ya East African Safari Classic, yaliyoanza mwaka 2003.

Kati ya spea zote, za breki ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi. Gari lenye injini mbovu hulala gereji, lakini lenye breki mbovu huendelea kutembea hadi siku litakaposhindwa kusimama.

Jina halitoshi

Mnunuzi wengi huingia dukani na kutaja jina la gari na mwaka tu. Kwa gari la zamani, maelezo hayo hayatoshi. Viwanda vya Japani vya miaka hiyo vilinunua masta silinda kutoka kwa watengenezaji tofauti, wakiwamo Tokico na Nabco. Masta silinda mbili zinaweza kufanana kwa nje, huku raba za moja zikikataa kuingia kwenye nyingine. Ndiyo maana fundi makini husoma kwanza jina na namba zilizo kwenye chuma chenyewe.

Tatizo la pili ni mikono ambayo gari limepitia. Breki za mbele za 240Z ni za diski, na kila kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, ilikuwa na pistoni mbili. Wamiliki wengi wameziondoa na kufunga kalipa zenye pistoni nne kutoka kwenye pikapu za Toyota Hilux za 4x4 za mwaka 1979 hadi 1985. Kalipa hizo zina alama ya S12+8 na hukaa kwenye diski ile ile ya awali. Zipo nyingine za Hilux zenye alama ya S12W, lakini hizo ni pana na huhitaji diski nene yenye matundu ya hewa.

Hivyo basi, mwenye 240Z ya namna hiyo akiagiza pedi za 240Z kutoka ng'ambo, atapoteza fedha na muda. Pedi anazohitaji ni za Hilux, na huenda ziko kwenye duka la spea la mtaa wa pili.

Hesabu ya masta silinda

Kalipa kubwa hutaka mafuta mengi zaidi ya breki. Masta silinda ya awali ya 240Z ina kipenyo cha inchi 7/8. Ikiachwa ilivyo baada ya kalipa kubadilishwa, pedali hushuka chini zaidi kabla gari halijashika. Kwa sababu hiyo, wengi hufunga ya inchi 15/16 kutoka Datsun 280ZX ya mwaka 1979 hadi 1981.

Tofauti ya inchi 1/16 huonekana ndogo, lakini eneo la pistoni huongezeka kwa karibu asilimia 15. Pedali hupanda juu, ila kwa nguvu ile ile ya mguu, shinikizo la mafuta hupungua kwa karibu asilimia 13. Anayebadilisha masta silinda bila kugusa kalipa atajikuta anakanyaga kwa nguvu zaidi ili gari lisimame mahali pale pale. Kila spea ya breki ina mwenzake, na haibadilishwi peke yake bila hesabu.

Mpya iliyozeeka

Wapo wanaofurahia kupata spea orijino iliyokaa ghalani miaka 40 ndani ya boksi lake. Kwa vyuma, hiyo ni bahati. Kwa raba na mipira ya mafuta ni hatari, kwa kuwa raba hukakamaa na kupasuka hata kama haijawahi kutumika. Pedi na lainingi za zamani nazo huenda zina asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani. Vumbi la breki kuukuu lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Aidha, raba za breki hazioshwi kwa petroli wala mafuta ya taa, kwani huvimba na kuharibika. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi joto zisizopungua 205 za Selsiasi, lakini yakishafyonza unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka kwenye mteremko mrefu, pedali huzama bila gari kushika. DOT 5, ambayo ni ya silikoni, isichanganywe na DOT 3, DOT 4 wala DOT 5.1.

Somo kwa muuzaji na mkulima

Mambo haya hayamhusu mwenye gari la spoti pekee. Land Rover za Series III, ambazo zimebeba mazao mengi kutoka mashambani, zilikuwa na dramu za inchi 10 kwa nyingi zenye chesisi fupi ya inchi 88, na inchi 11 kwa zenye chesisi ndefu ya inchi 109. Mkulima anayeagiza "breki za Land Rover" bila kutaja chesisi anaweza kulipa nauli ya mzigo mara mbili.

Dawa ni kwenda dukani na spea kuukuu mkononi, kupima kipenyo na unene, na kunakili namba zote kabla ya kulipa. Muuzaji naye aandike ni spea ipi ilikubali gari lipi, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la namna hiyo, likitunzwa kwa miaka michache, humrudisha mteja dukani kuliko punguzo la bei.

Na baada ya kufunga spea na kutoa upepo kwenye mabomba, breki zijaribiwe kwanza uwanjani, mahali tambarare na kwa mwendo mdogo, kabla gari halijaingia barabarani.