Ukurasa wa Afya: Maji Yaliyolala Bombani

Mwaka 1976 askari wastaafu wa Marekani walikutana katika hoteli moja mjini Philadelphia. Wengi waliugua homa kali ya mapafu, 29 walifariki. Mwaka 1977 wataalamu waligundua kijidudu chake, ambacho leo huitwa lejionela.

Hustawi katika maji ya vuguvugu yaliyotuama. Huingia mapafuni tukivuta hewa yenye matone madogo ya maji, kama ya bafu la mvua. Wazee na wavutaji sigara huathirika zaidi.

Wenye hoteli na hosteli hulalamika kwamba kupima maji maabara ni ghali. Ni kweli, lakini kipimo hakiui kijidudu. Tuanze na haya:

1. Maji ya moto yakae tangini kwa nyuzi 60. Yachanganywe na ya baridi wakati wa kuoga, yasiunguze.
2. Vyumba visivyo na wageni, mabomba yafunguliwe kila wiki, polepole.
3. Matangi yasafishwe na kufunikwa.

Ndipo tupime, tujue kama kazi yetu imefaa.

Mfanyakazi akipata homa, kikohozi na kubanwa kifua, awahi hospitali na kueleza anapofanya kazi. Penisilini haitibu ugonjwa huu, ila dawa nyingine zipo.