Marekani: Chuma unauziwa chap chap, mbona wanabishana kuhusu kukagua mnunuzi?

Kama umewahi tafuta kazi Nairobi, unajua kilio cha good conduct. Unalipa, unapigwa alama za vidole, unangoja, na yote hiyo ni ndio ukalinde geti ama ubebe mizigo ya watu. Sasa ebu fikiria msee wa Texas. Anaingia duka la bunduki asubuhi, kabla ya lunch ashabeba chuma yake kwa gari.

Si ati hakagulwi. Anakaguliwa. Ngori iko kwa vile ukaguzi wenyewe unafanya kazi.

Iko hivi. Kwa duka lenye leseni unajaza fomu inaitwa 4473. Umewahi patikana na kosa kubwa? Unatumia mihadarati? Mwenye duka anapeleka jina lako kwa mfumo wa FBI unaoitwa NICS, ulioanza 1998. Mara nyingi jibu linarudi kwa dakika chache: uza, usiuze, ama ngoja kwanza. Sheria yenyewe ina jina la James Brady, msemaji wa Rais Ronald Reagan, aliyepigwa risasi ya kichwa 1981 jamaa mmoja akijaribu kummaliza rais. Brady aliishi na ulemavu. Yeye na mkewe Sarah wakasukuma hiyo maneno hadi Bill Clinton akaitia sahihi 1993.

Shimo la kwanza ni kubwa. Sheria ya kitaifa inabana duka lenye leseni pekee. Jirani wako akiamua kukuuzia bunduki yake, hakuna simu kwa FBI, labda kama jimbo lenu limeweka sheria yake, vile California imefanya.

La pili liko kwa hiyo "ngoja". FBI wakikosa kumaliza ndani ya siku 3 za kazi, duka linaruhusiwa kuuza tu. Aprili 2015, kijana mmoja South Carolina aliambiwa angoje. Alikuwa amewahi shikwa na dawa za kulevya na akakubali ni zake, kitu ambacho kingemzuia. Lakini rekodi zilikuwa zimechanganywa, FBI wakaulizia kwa ofisi isiyofaa, siku zikaisha. Akauziwa. Juni akaingia kanisa la watu weusi Charleston, akakaa nao kwa masomo ya Biblia, kisha akaua watu 9.

Na kuna pale faili iko tupu. 2017, aliyeua watu kwa kanisa la Sutherland Springs, Texas, alikuwa amepatikana na hatia ya kupiga mke na mtoto akiwa jeshini. Jeshi la anga halikupeleka jina lake FBI. Mfumo ukasema uza.

Wanaopinga, NRA wakiwa mbele, wanasema mwizi hajazi fomu, ananunua ya kuibwa. Pia wanaogopa gava ikijua nani ako na nini, siku moja itakuja kuzichukua. Kwa hiyo ya pili, sheria ya 1986 inakataza orodha ya kitaifa ya wenye bunduki, na rekodi ya mtu aliyepita ukaguzi inafutwa ndani ya saa 24. Kwa ya kwanza, hapo wako na point kiasi. Bunduki iliyotumika kuua watoto wa shule ya Sandy Hook 2012 ilinunuliwa kihalali na mama ya muuaji. Lakini yule wa Charleston alijaza fomu, mwenyewe, kwa mkono wake.

Huku kwetu ni stori tofauti: hakuna haki ya bunduki kwa katiba, na lazima uonyeshe Bodi ya Leseni za Silaha sababu ya kuitaka.

Baada ya Sandy Hook, Seneti ilipigia kura ukaguzi hadi kwa mauzo ya mtandaoni na kwa maonyesho ya bunduki. Waliotaka walikuwa 54, waliokataa 46. Ikaanguka, juu ilihitaji 60. Mpaka 2022 ndio kitu kikapita: mnunuzi wa chini ya miaka 21 sasa anaweza kungojeshwa hadi siku 10 za kazi.

Wa miaka 21 kwenda juu bado ni siku 3. Yule wa Charleston alikuwa amefikisha 21 wiki moja kabla ya kuingia dukani.